Jibu: Kwa nini nyaya mbili zenye mkondo wa upande mmoja huvutana?

Swali lako ni zuri sana, ndugu: elektroni zote ni hasi, mbona nyaya hazisukumani? Kumbuka kwamba waya wenyewe hauna chaji ya ziada. Chaji chanya za shaba zipo palepale, zinasawazisha zile hasi. Kinachobaki ni athari ya mwendo wa elektroni, yaani usumaku.

Chora nyaya mbili wima, mkondo ukipanda juu. Ushike waya wa kushoto kwa mkono wa kulia, dole gumba juu: vidole vinaonyesha kwamba, pale ulipo waya wa kulia, uga sumaku unaingia ndani ya karatasi. Sasa tumia kanuni ya mkono wa kushoto ya Fleming (kidole cha shahada ni uga, cha kati ni mkondo, dole gumba ni kani) kwenye waya huo wa kulia. Kani inaelekea kushoto, kwa mwenzake! Geuza mkondo mmoja, zitasukumana. Mwanafizikia Mfaransa Ampère alilionyesha hili mwaka 1820.

Ukubwa wake? Zidisha mikondo miwili, gawa kwa umbali kati ya nyaya, kisha zidisha kwa 2 × 10⁻⁷. Unapata nyutoni kwa kila mita. Nyaya za kuamshia gari lenye betri iliyokufa, zikipitisha ampea 200 zikiwa sentimita 2 mbalimbali, hupata nyutoni 0.4 kwa mita, sawa na uzito wa gramu 40 hivi. Hapo zinasukumana, kwa sababu mmoja unapeleka mkondo na mwingine unaurudisha. Kwenye mtihani usisahau kubadili sentimita kuwa mita. Alama nyingi hupotelea hapo.