Barua kwa Mwanangu: Deni Umelilipa, Sasa Lilinde Jina Lako

Mwanangu mpenzi,

Nimeusoma ujumbe wako zaidi ya mara moja, nikaona kwamba swali lako halijibiki vizuri kwa simu. Unasema uliomba benki shilingi 300,000 ili ununue cherehani mbili za kiwandani, ukaambiwa kwamba alama zako za mkopo ziko chini, ilhali mshahara wako umeongezeka, na lile deni la mkopo wa simu la shilingi 4,800, ulilolichukua ukiwa chuoni, ulimaliza kulilipa mwezi wa Machi. Unauliza kwa nini deni lililokwisha bado linakufuata, kisha unauliza kama si heri usikope tena maishani. Hilo la pili limenisumbua kuliko la kwanza, kwa sababu nahisi limesemwa kwa uchungu, na uamuzi wa fedha unaofanywa kwa uchungu huwa na gharama.

Kwanza uelewe kitu kinachopimwa. Alama za mkopo hazipimi utajiri. Mshahara wako benki huutazama inapokadiria kama utamudu malipo ya kila mwezi, lakini alama zinajibu swali jingine kabisa: mtu huyu akikubali tarehe ya kulipa, huiheshimu? Katika miaka niliyokaa kwenye kamati ya mikopo ya sacco yetu ya walimu, yaani chama chetu cha akiba na mikopo, nilishuhudia walimu wa mshahara mdogo wakipewa mikopo bila mjadala mrefu, na wakuu wa shule wakirudishiwa fomu zao, kwa sababu daftari lilionyesha kwamba hao wa kwanza walilipa kila mwezi na hao wa pili walilipa walipokumbushwa. Nyongeza ya mshahara wako ni jambo la kumshukuru Mungu, ila haiwezi kusema lolote kuhusu miezi ambayo lile deni lilikaa bila kulipwa.

Hapa Kenya kazi ya kuweka rekodi hizo imepewa mashirika matatu yenye leseni ya Benki Kuu, nayo ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Watu huyaita yote kwa jina moja, CRB, kifupi cha Credit Reference Bureau, na hulitamka jina hilo kana kwamba ni mahabusu ambamo mtu huingizwa na kutolewa. Dhana hiyo ina asili yake, kwani utaratibu ulipoanza mwaka 2010 benki zilipeleka habari za walioshindwa kulipa tu. Kanuni za mwaka 2013 ndizo zilizofungua mlango wa kupeleka pia habari za wanaolipa vizuri. Ukweli ni kwamba mtu yeyote aliyewahi kukopa benki ana faili humo, na kila malipo unayoyafanya kwa wakati huandikwa kwa faida yako kama vile kila kuchelewa kunavyoandikwa kwa hasara yako. Kwa hiyo usiniulize tena kama umo CRB. Umo, na utaendelea kuwamo. Tujiulize faili lako linasema nini.

Deni lako liliingiaje upande mbaya? Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa, benki huuhesabu kuwa mkopo mbaya, na kabla ya kuipeleka habari hiyo inatakiwa kukupa notisi ya siku 30. Wewe ulikuwa umebadilisha laini, na sina shaka kwamba ujumbe ulitumwa kwenye namba ambayo hukuwa nayo tena. Vijana wengi hudhani kwamba laini ikitupwa na deni limetupwa. Rekodi hufuata namba ya kitambulisho, wala haijali unatumia simu gani. Na usiseme kwamba 4,800 ni pesa kidogo mno kuandikwa, kwa maana kanuni za mwaka 2020 ziliondoa madeni yaliyo chini ya shilingi 1,000 tu. Lako lilikuwa juu ya hapo.

Sasa nalijia swali lako lenyewe. Ulipolipa mwezi wa Machi, ulifunga deni, lakini hukufuta historia yake. Habari ya mkopo uliokwama huhifadhiwa miaka mitano tangu siku deni lilipomalizwa. Nimefundisha muda mrefu, kwa hiyo niruhusu nikueleze kwa daftari la mahudhurio: mwanafunzi aliyekosa wiki tatu za muhula wa kwanza akirudi darasani, mwalimu hazifuti zile alama za kukosa, bali huendelea kuweka alama za kuhudhuria, na kadiri ukurasa unavyojaa ndivyo msomaji anavyomwona mwanafunzi mwingine. Deni lililolipwa kwa kuchelewa husomwa tofauti na deni ambalo halijalipwa hadi leo. Metropol, kwa mfano, hutoa alama kati ya 200 na 900, na aliye chini ya 400 huhesabiwa kuwa ni mtu mwenye deni lililomshinda. Ukishalipa na rekodi ikarekebishwa, unatoka kwenye kundi hilo na kuanza kupanda, lakini kupanda huko ni kwa mwendo wa miezi, na hakuna njia ya mkato.

Uliandika pia kwamba ulisikia serikali ilifuta majina ya watu wote mwaka 2022. Yaliyotokea ni haya. Mwezi wa Novemba mwaka huo, Benki Kuu ilitangaza mpango wa kuwasaidia watu wapatao milioni 4.2 waliokuwa na madeni mabaya ya mikopo midogo ya simu, yenye thamani ya takriban shilingi bilioni 30. Benki zilipaswa kuwasamehe angalau nusu ya deni na kubadilisha hali yao kutoka mbaya hadi nzuri, nao walipe kiasi kilichobaki hadi tarehe 31 Mei 2023. Ulikuwa msaada wa kweli, na mimi niliufurahia kwa ajili ya wengi ninaowajua, lakini ulikuwa na masharti na ulikuwa na mwisho. Anayekuambia ungoje msamaha mwingine anakupotezea wakati.

Jambo ninalotaka ulifanye wiki hii, kabla ya kuomba mkopo mahali popote, ni kuipata ripoti yako. Una haki ya kupewa nakala moja kwa mwaka bila malipo kutoka kwa kila shirika. Zichukue kutoka kwa yote matatu, kwa sababu si kila mkopeshaji hupeleka habari kwa wote kwa usahihi uleule, na kila shirika lina hesabu yake; usishangae kuona alama tatu tofauti za mtu mmoja. Uisome ripoti polepole, mstari kwa mstari. Tazama kama lile deni la 4,800 limeandikwa kwamba limelipwa, na kama tarehe iliyoandikwa ndiyo ile iliyo kwenye ujumbe wa malipo, ambao natumaini hukuufuta. Tazama kama kuna mkopo usioujua, kwa maana wapo watu wanaotumia vitambulisho vya wenzao, na mwenye kitambulisho hujua siku anayokataliwa. Tazama hata jina na namba ya kitambulisho. Tarakimu moja iliyokosewa inaweza kukubebesha historia ya mtu mwingine.

Mimi nadhani hapo ndipo shida yako ilipo, ingawa siwezi kuapa kabla ya kuiona ripoti. Miezi imepita tangu Machi, na mkopeshaji anaweza kuwa amepokea pesa zako bila kuipeleka habari ya malipo. Ikiwa ni hivyo, andika malalamiko kwa shirika lililotoa ripoti, ambatanisha uthibitisho wa malipo, na umwandikie pia mkopeshaji ukidai barua ya kuthibitisha kwamba hudaiwi. Shirika lina wajibu wa kumuuliza mkopeshaji na kurekebisha kilicho na kosa. Fanya kwa maandishi na uhifadhi nakala. Halafu nakusihi, asije mtu kwenye mitandao akakuahidi kwamba atakusafishia jina kwa shilingi elfu tatu. Hakuna wakala anayeweza kufuta habari iliyo sahihi, na habari isiyo sahihi unairekebisha mwenyewe. Anayekuahidi vingine anataka pesa zako na namba yako ya kitambulisho, na hiyo namba ndiyo hasara kubwa zaidi.

Cheti cha CRB, kile ambacho waajiri wa serikali wamekuwa wakikidai pamoja na cheti cha tabia njema, ni karatasi tofauti na ripoti. Usikilipie sasa, maana hukihitaji.

Turudi kwenye lile la kutokopa tena. Mwanangu, mtu asiyekopa kabisa hana alama mbaya, lakini pia hana ushahidi wowote wa kumtetea siku atakapohitaji pesa za nyumba au za biashara kama yako. Wewe tayari una doa moja. Ukinyamaza sasa, faili lako litakuwa na doa hilo peke yake kwa miaka mitano. Unahitaji kuliwekea mambo mema ya kulizunguka. Hata hivyo, usinielewe vibaya ukaanza kukopa kwenye simu kila wiki ili upandishe alama. Tuseme mkopo wa simu unatoza asilimia 7.5 kwa siku 30, maana yake ukichukua 10,000 unarudisha 10,750 baada ya mwezi mmoja, na ukirudia hivyo mwaka mzima utakuwa umelipa 9,000 kwa ajili ya kuazima 10,000. Fuliza nayo, ile ya kutumia pesa za M-Pesa kupita salio lako, hula kidogo kidogo kila siku hadi mtu haoni mshahara umeishia wapi. Hakuna alama inayostahili gharama hiyo.

Njia niliyoiona ikiwafaa watu ni ya polepole na haina mbwembwe. Lipa HELB yako, ule mkopo wa serikali wa masomo ya chuo, kila mwezi bila kuruka. Riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, na ukiiacha faini ni shilingi 5,000 kwa kila mwezi, nayo HELB pia hupeleka majina CRB. Hakikisha mwajiri wako anaikata na kuiwasilisha kweli, kwa kuangalia taarifa ya akaunti yako mwenyewe, kwa sababu makato kwenye hati ya mshahara si uthibitisho kwamba pesa zimefika. Halafu jiunge na sacco ya kazini kwenu, uweke akiba kila mwezi. Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa riba ya takriban asilimia moja kwa mwezi juu ya salio linalopungua. Ukifikisha akiba ya 40,000 unaweza kukopa 120,000, ukanunua cherehani moja kwanza, na hiyo moja ikusaidie kulipa. Najua ulitaka mbili. Lakini cherehani moja inayolipwa kwa wakati kwa mwaka mmoja itaipa benki sababu nzuri ya kukusikiliza kuliko maneno yangu na yako, mradi uthibitishe kwamba sacco hiyo hupeleka rekodi zake CRB.

Usiombe mkopo katika benki tano kwa mwezi mmoja. Kila moja ikiitazama ripoti yako, utazamaji huo huandikwa, na wingi wake humfanya mkopeshaji wa sita aulize una dhiki gani. Na ikitokea siku moja kwamba umeishiwa na tarehe ya malipo imekaribia, mwendee mkopeshaji kabla ya siku 90 hazijatimia, umwombe mpango mpya wa kulipa. Hili nalisema kwa mkazo kuliko yote, kwa sababu kwenye kamati yetu waliokuja kusema mapema karibu wote walipangiwa upya, na waliozima simu ndio walioumia, wao na wadhamini wao.

Kuhusu wadhamini, nimesikia kwamba binamu yako amekuomba umdhamini kwenye sacco yake. Mimi nampenda kama ninavyokupenda wewe, lakini kumdhamini mtu ni kukubali kulipa deni lake asipolilipa. Sacco itashika akiba yako, na uwezo wako mwenyewe wa kukopa utapungua tangu siku unapotia sahihi. Mwambie kwa heshima kwamba mwaka huu unarekebisha mambo yako. Akikasirika, mwambie anipigie mimi.

Ripoti zikifika, usizitume kwa mtu yeyote ila mimi. Njoo nazo wikendi utakayopata nafasi, pamoja na ule ujumbe wa malipo ya Machi, tuandike malalamiko hayo hapa mezani na tuyatume siku hiyohiyo.

Mama yako