Tumezungushia tuta marigodi, mbona nyanya bado zinadumaa?

SWALI: Habari mtaalamu. Tuna bustani ya kilimo hai tunayoilima kwa pamoja, mboga na maua. Nyanya zetu hunyauka mchana na kuinuka jioni, na tulipong'oa mche mmoja tukakuta mizizi ina vinundu. Tulishauriwa tuzungushie tuta maua ya marigodi. Yamestawi na yanapendeza kweli, lakini nyanya ni zile zile. Tumekosea wapi? Na maua hayo yanalika?

JIBU: Poleni sana. Kwanza hakikisheni mnapambana na nini. Vinundu vya minyoo fundo, yaani minyoo wadogo sana wa udongoni wanaoshambulia mizizi, ni mzizi wenyewe uliovimba, hata ukisugua kwa kidole havibanduki. (Vile vya maharage hukaa pembeni ya mzizi, hubanduka kirahisi na ndani vina wekundu. Hivyo ni rafiki, viacheni.) Kisha kateni kipande cha shina la mche ulionyauka, karibu na ardhi, mkining'inize ncha yake ndani ya glasi ya maji safi. Mkiona uzi mweupe kama maziwa unachuruzika baada ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria, na marigodi haiutibu.

Ikiwa ni minyoo fundo, ua mmelipata ila mmelipanda kama uzio. Kemikali iliyo kwenye mizizi ya marigodi hudhuru minyoo walioifikia mizizi hiyo au walio jirani nayo kabisa. Walioko katikati ya tuta, chini ya nyanya, hawakuguswa. Wenyewe hawatembei hata mita moja kwa msimu. Wanaowasafirisha ni sisi, kwa miche yenye udongo na kwa jembe linalohama tuta hadi tuta bila kuoshwa. Kwenye bustani ya watu wengi, jembe hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Ipeni marigodi msimu wake. Ng'oeni nyanya pamoja na mizizi yote, wala msiitie kwenye mboji. Jazeni tuta zima marigodi tupu, sentimita 20 hivi kati ya mche na mche, zikae miezi 2 hadi 3. Palizi isilegee, maana magugu mengi huwalisha minyoo hao hao. Baadaye zikatekateni, mzifukie, ndipo mpande nyanya. Najua ni vigumu kuwaambia wenzenu tuta likae miezi yote hiyo bila chakula, lakini kuhamia bamia, bilinganya au karoti hakusaidii, kwani nazo hushambuliwa.

Angalieni mbegu ya marigodi pia. Mnayoitaka ni Tagetes patula au Tagetes erecta. Kalendula hufanana nayo kwa rangi na watu huziita jina moja, ila kazi hii haifanyi.

Kuhusu kula: petali za kalendula zinalika, na za Tagetes pia kwa kiasi kidogo, mkikata kile kitako cheupe chenye uchungu. Mimi ningewapandia nastashiamu. Majani na maua yake yana ukali mtamu kwenye saladi, na vidukari huikimbilia, hivyo mtawaona mapema. Lakini kama kati ya maua yenu kuna oleanda au datura, hizo ni sumu, kuanzia jani hadi mbegu. Zihamisheni mbali na matuta ya mboga, hasa kama watoto hujichumia wenyewe.