Jibu: Sukari ya alfajiri na mkoromo wa usiku

Dadangu, umesema babako hapo Langoni, Lamu, hula mapema usiku, soda na kaimati ameacha, dawa hazimpiti, na bado akipimwa alfajiri kabla ya kula, sukari ya damu iko juu, 10 au 11. Halafu mwishoni kabisa ukaongeza, kama jambo dogo, kwamba hukoroma na mara nyingine pumzi humkatika. Mimi ningeanzia hapo mwishoni.

Nina kisukari, niko Malindi, na mkoromaji wa nyumba hii ni mimi. Mke wangu ndiye aliyegundua, maana zile nyakati nilizokuwa kimya zilimtisha kuliko mkoromo wenyewe. Nilipopimwa usingizi Mombasa ilionekana koo lajifunga zaidi ya mara 30 kwa saa. Chini ya 5 ndiyo kawaida, 30 kwenda juu huitwa kali. Oksijeni ya damu, ambayo mchana ni asilimia 97, usiku ilikuwa ikiteremka hadi themanini na kitu.

Koo likijifunga kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni hushuka, na vipokezi vidogo vilivyo kwenye mishipa ya shingo huupa ubongo habari. Mwili huona uko hatarini. Adrenalini, homoni ya hatari, humwagika, moyo huenda mbio, ini hufungua ghala lake na kutoa sukari, na misuli nayo hupunguza kuipokea. Adrenalini hiyohiyo huibana kongosho isitoe vya kutosha insulini, homoni ya kushusha sukari, tena huyeyusha mafuta yakazagaa kwenye damu, na mafuta hayo huzidi kuidhoofisha insulini. Kisha mtu hushtuka, huvuta pumzi, hulala, na koo hujifunga tena. Kwa hiyo babako hajala chochote, lakini ini limemlisha usiku kucha.

Kuna waliosema hapa kwamba kinachopandisha sukari ya mkoromaji ni usingizi mbovu tu. Una sehemu yake, sikatai. Lakini mwaka 2009 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walichapisha jaribio la watu 13 wenye afya waliopunguziwa na kurudishiwa oksijeni kwa saa 5 wakiwa macho. Usikivu wa miili yao kwa insulini ulishuka kwa takriban asilimia 17. Hakuna aliyelala vibaya hapo.

Na ndugu aliyeuliza mbona wanariadha wa Iten, mji wa milimani, hawadhuriki kwa uhaba wa oksijeni: kule juu hewa ni nyepesi mchana na usiku, mwili hupata nafasi ya kuzoea. Hili la kushuka na kupanda kila baada ya dakika mbili ni jambo jingine.

Sasa mashine ya kusukuma hewa puani, ile aliyoibuni Colin Sullivan kule Sydney, akaitangaza mwaka 1981. Kwa mkoromo na pumzi inafanya kazi. Kwa sukari, majaribio hayakubaliani, na mengi hayakuona kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kikibadilika. Sababu mojawapo naiamini kwa sababu nimeiona kwangu: watu huivua saa nane usiku. Usingizi wa ndoto hukolea kuelekea alfajiri, na ndio unaolegeza misuli ya koo zaidi, kwa hiyo saa mbaya kuliko zote hubaki bila tiba. Nilipoanza kuivaa mpaka adhana ndipo sukari ya asubuhi ilipoteremka, tena si kwa kiasi kikubwa. Metformini, dawa yangu ya kisukari, naendelea nayo, na babako asiachishwe dawa kwa sababu ya mashine. Stima ikikatika, nami nalala ubavu. Chali ndiyo mbaya.

Sukari ya alfajiri ina sababu nyingine pia, zikiwemo homoni za asubuhi na dozi isiyotosha, basi msijiamulie nyumbani. Kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni, mkimpima mara moja mchana, hakitawaambia kitu. Mrekodi kwa simu akiwa amelala, mwandike sukari ya alfajiri kwa wiki moja, mumpelekee daktari vyote viwili na muombe kipimo cha usingizi kwa jina hilohilo.