Goti lililobeba uzito haligeuzwi

Dada yangu, mwalimu huyo wa taichi, yale mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole, usimlipe. Umeandika una miaka 54, una presha, goti la kulia linauma ukipanda ngazi, na yeye amekuambia ushuke chini mpaka mapaja yawake moto, maumivu yataisha yenyewe. Nami niliambiwa hivyohivyo na mtu aliyekuwa akikusanya watu alfajiri ufukweni hapa Dar, na goti langu halijarudi lilivyokuwa.

Alitufundisha mfuatano wa miondoko 24, ule uliotungwa China mwaka 1956 ili taichi iwe rahisi kwa watu wa kawaida. Wenyewe hauna ubaya. Tatizo ni pale kwenye mwondoko unaoitwa kugawa manyoya ya farasi, ambapo mguu wa mbele unatakiwa uelekezwe nje kabla ya hatua inayofuata. Kwanza unarudi nyuma, uzito wote unahamia mguu wa nyuma, vidole vya mbele vinanyanyuka, unageuza kwa kisigino, ndipo unasonga mbele. Yeye hiyo ya kurudi nyuma aliifuta. Alitaka tugeuke hapohapo, mwili umelalia goti la mbele, tumeshuka chini kabisa, tena kwenye mchanga unaong'ang'ania kiatu. Unyayo umegoma, kiwiliwili kimegeuka, kinachojisokota ni goti! Goti kazi yake kukunja na kunyooka. Kuzunguka ni kazi ya nyonga. Ukililazimisha, gegedu ya ndani, ile tishu laini iliyo kati ya mifupa, inasagwa kama karanga kwenye jiwe.

Nikamwambia linauma, akasema nishati inafunguka. Likavimba, akasema niendelee. Anamwona mtu anachechemea mbele yake, hela ameshapokea, anazungumza habari za nishati! Kipimo cha MRI na mazoezi tiba nimelipia mimi, si yeye.

Kwa hiyo mwalimu yeyote, kabla hujatoa hata shilingi, mwangalie miguu. Mikono inapendeza lakini haitakuonyesha kitu. Akigeuza mguu ambao bado ameuegemea, ondoka. Goti lielekee vidole vinakoelekea, na lisipite ncha za vidole.

Halafu simama juu. Daktari Paul Lam wa Australia alipotunga taichi ya wagonjwa wa viungo mwaka 1997 aliijenga juu ya mtindo mmoja wa taichi uitwao Sun, ambao watu husimama wima zaidi. Kinachokusaidia usianguke ovyo ni kuhamisha uzito polepole toka mguu huu kwenda ule, na hilo halihitaji kuchuchumaa.

Dawa za presha usiache. Viatu, soli bapa.

Leo jioni shika mgongo wa kiti, weka mguu mmoja mbele, rudi nyuma mpaka uweze kunyanyua vidole vya mbele bila kuyumba, kisha geuza. Ukisikia goti linavutwa upande, uzito bado uko mbele. Rudi nyuma zaidi.