Ngoma na kikao siku moja Nkuhungu

Inawezekana dada kufanya kikao cha kikundi na ngoma siku moja hapo Nkuhungu, Dodoma, ila kikao kitangulie. Ngoma ikianza, watu wakishacheza hutawarudisha kwenye mahesabu ya kikundi, na akidi, yaani idadi ya wanachama inayotakiwa, iliyoandikwa kwenye katiba yenu itakosekana saa ya kupiga kura. Anzeni saa 8 mchana, daftari la mahudhurio lifungwe saa 9, ngoma saa 10.

Barua ipelekeni kwa mtendaji wa mtaa mapema, na kama kutakuwa na spika, polisi nao wajue. Hilo halina mjadala.

Uwanja ndio wenye kazi. Saa 10 jua liko magharibi, kwa hiyo watazamaji wakae jua likiwa mgongoni. Mwagieni maji kidogo saa moja kabla, maana vumbi la Dodoma likitimuliwa na miguu ya wachezaji, waimbaji wanakohoa. Yakizidi, mna tope.

Kina mama wa muheme, ngoma ya Wagogo inayopigwa na wanawake, wapewe nafasi ya kuwasha moto mdogo pembeni. Jioni za baridi za Juni na Julai ngozi ya ngoma inaweza kulegea, sauti inakuwa butu. Wakiisogeza motoni dakika chache inakaza. Isiguse ndimi za moto, itapasuka.

Zeze, ala ya nyuzi yenye kibuyu, sauti yake ni ndogo. Maikrofoni iwe karibu na kibuyu, kama shubiri moja, ivishwe sponji, la sivyo mtasikia upepo tu. Ngoma hazihitaji maikrofoni kabisa, hata fundi wa muziki akisisitiza.