Ile picha ya meza inayozunguka

Tangu ile picha yangu nikiwa kwenye hoteli ya Wachina hapa Nairobi ifike kwetu Muheza, Tanzania, simu haijatulia. Kaka anauliza kama Nairobi nimeshakuwa mtu wa kula hotelini. Shangazi anataka nimlete na yeye aje aonje. Mama kauliza neno moja tu: "Huko kwa Wachina hamna nguruwe?" Nawajibu wote, mama wa mwisho kwa sababu lake ndilo gumu.

Siku ile tulikuwa tunamuaga mwenzetu wa kazini, watu tisa, tukachanga. Hoteli yenyewe iko Kilimani, karibu na kazini kwangu. Sahani moja shilingi 1,000 mpaka 1,500 za Kenya. Najua kaka ameshazidisha kwa ishirini akapata hela ya kwetu akashika kichwa. Basi ajue mwenye nyumba wangu hapa Kawangware hazidishi na chochote, anataka yake tarehe tano. Siku zote nakula kibandani, ugali na sukuma wiki. Kwa Wachina naingia mara moja kwa miezi miwili mitatu.

Mara ya kwanza nilienda peke yangu, nikaaibika. Nilisema, "Dada, naomba samaki," mhudumu akacheka: "Wewe ni wa Tanzania!" Hapa watu husema "nipe" au "leta", na hawana ubaya. Akaniuliza kama nakula pale ama ni ya kubeba. Samaki akaja mzima na kichwa chake, juu kamwagiwa tangawizi na majani ya kitunguu, na mimi nikakaa nangoja wali. Nimengoja mpaka samaki kapoa. Kumbe wali unaagizwa peke yake, na sahani ile si ya mtu mmoja, ni ya meza nzima. Vyakula navyo haviji pamoja, kila kinachoiva kinaletwa. Ndiyo maana kile kioo cha katikati ya meza kinazunguka: ni sinia letu lile lile, ila hapa linakufuata wewe.

Halafu kuna punje moja ya Sichuan, jimbo la huko Uchina. Ukiitafuna, ulimi unakufa ganzi kama umetoka kung'olewa jino. Wanaiita pilipili, lakini si pilipili. Mti wake ni wa ukoo mmoja na michungwa. Sisi wa Muheza, na machungwa yote yale, hatukuambiwa!

Ya kubeba siipendi. Supu iliwahi kuvuja ndani ya mfuko wa karatasi (ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017), mfuko ukachanika nikiwa ngazi ya tatu kazini. Nilideki mwenyewe.

Kaka, uliuliza pia kama wanatubagua. Swali lako si la kijinga. Mwaka 2015 hoteli moja ya Kichina hapa hapa Kilimani ilikuwa inawazuia Waafrika kuanzia saa kumi na moja jioni. Habari ikatoka magazetini, kaunti ikaifunga. Mimi sijazuiwa mlangoni popote. Ila nimeona Wachina wa meza ya pili wakipewa orodha nyingine, maandishi yao matupu, na mhudumu akaniambia hata yeye hajui ndani yake kuna nini.

Sasa mama. Nguruwe wamo. Wamo ndani ya vile vifuko vya unga vya kupikwa kwa mvuke, vinavyofanana na sambusa iliyolowa, na nyama ya kusaga wanayotia kwenye tofu, ile ya maharage ya soya, mara nyingi ni hiyo hiyo. Samaki nao hutiwa pombe ya mchele kuondoa shombo. Yule wa kwanza nilimla sijajua, mama, na sikukwambia. Ukimuuliza mhudumu atasema "hakuna", maskini, wala hajaingia jikoni. Siku hizi naagiza wali mweupe na mayai ya nyanya basi. Ivute ile picha uikuze, utaona mbele yangu hamna kingine. Lakini karai la kukaangia ni moja, na sitakudanganya kwamba wananioshea kwanza. Hilo bado linanikaa moyoni.

Mayai yenyewe ni kama yale yako ya daku, nyanya nyingi na yai lisilokauka, ila wao wanatia na sukari. Nikija Idi nitakupikia kwa sufuria yako. Ya sukari utaamua mwenyewe.