Jagi lenye nyufa mwili mzima: ni la kale?

SWALI: Nimenunua jagi dogo la kioo, rangi ya asali, kwa wauza vyombo vya mitumba pale Mwanjelwa. Lina nyufa mwili mzima lakini halivuji hata tone. Muuzaji anasema ni la kale, limepulizwa kwa mdomo. Nitahakikishaje? Na linafaa kwa chai? (Msomaji, Uyole, Mbeya)

JIBU: Nyufa hizo si ubovu, ndugu yangu, fundi alizitia kwa makusudi. Kioo kikiwa bado cha moto kwenye ncha ya bomba la kupulizia, hukichovya kwenye maji baridi, ngozi ya nje ikapasuka ghafla. Kisha hukirudisha tanuruni, nyufa zikashikana, ndipo akamalizia umbo. Mafundi wa Venice walifanya hivyo tangu karne ya 16. Huko Marekani, viwanda vya West Virginia kama Blenko na Pilgrim vilitengeneza vyombo vya aina hii kwa wingi katikati ya karne iliyopita.

Lipeleke dirishani. Nyufa za kweli zimo ndani ya unene wa kioo na humeta ukiligeuza. Jagi la kuiga lililokandamizwa kwenye kalibu lina michirizi ya juu juu tu, na mara nyingi mshono ulionyooka ubavuni. Lipindue utafute kovu kitakoni, lenye ukwaru au lililosagwa. Hapo fimbo ya chuma ilishika chombo fundi akitengeneza mdomo. Likikosekana usikate tamaa, maana wengine walitumia koleo. Mpini mara nyingi hauna nyufa, kwa kuwa ulibandikwa baadaye.

Lakini kupulizwa kwa mdomo si ushahidi wa uzee, na hapa ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Blenko bado wanapuliza vioo hadi leo, na vyombo vipya vya aina hii vipo tele. Mimi huamini zaidi mikwaruzo midogo ya kitakoni, iliyokwenda kila upande kwa miaka ya kusuguana na meza. Ikilala upande mmoja, shuku msasa. Baadhi ya vyombo vya Blenko vya 1958 hadi 1961 vina jina lililochorwa kitakoni. Rangi peke yake haithibitishi kitu.

Chai usitie kabisa. Asubuhi za Julai huko Uyole jagi huwa baridi kama jiwe la mtoni, na maji ya moto yatalipasua kweli. Lioshe kwa maji ya vuguvugu. Ukungu mweupe wa ndani, ukiwa ni chumvi ya maji, hutoka kwa siki. Ukikuta ufa mmoja unaokwaza ukucha nje na ndani pia, huo ni wa ajali, na bei lazima ishuke.